Leo Sikupima

Velga wa ghorofa ya tatu, Liepāja, mji wa upepo,
mchana hutoa nati na balbu kwenye stoo ya tramu.
Usiku huwa mtu mwingine; au tuseme, huwa yeye.
Mimi naishi chini yake. Nasikia kiti kikisogea
saa tano, saa saba, na mara mojamoja
kicheko kifupi, cha mtu aliyelishika jambo kwa mkia.

Novemba alitaka kuwajua mikunga,
wa majini, si wale wa hospitali:
wanavukaje bahari nzima kwenda kuzaa
mahali ambapo hakuna jicho lililowahi kuwaona.
Nilimkuta kwenye ngazi na mfuko wa viazi,
akanisimamisha nusu saa, mfuko mkononi,
kunieleza kwamba mkunga akianza safari
utumbo wake husinyaa; hali tena.
"Fikiria," akasema, "hebu fikiria!"
Nikafikiria. Supu yangu ikaungua.

Kisha kuna yale asiyoyataja.
Mtu wa Chiloé, kusini mwa Chile, alituma picha:
kaburi la baba yake limeota magamba ya manjano,
je, ayasugue kwa sabuni au kwa siki?
Velga alikaa na picha ile jioni nne,
akiikuza mpaka ikawa vumbi la rangi,
vitabu vya maktaba vimelala kifudifudi mezani.
Akajibu: si uchafu, ni kuvu na mwani waliooana,
hutambaa unene wa ukucha kwa mwaka mzima.
Kwa kipimo changu walianza jiwe lilipokuwa jipya.
Usisugue. Wamekaa na mzee wako muda wote huo.

Yule mtu hakurudi kusema asante.
Nilinuna kwa niaba yake. Yeye alikuwa ameshahamia
kwa msichana wa Gyumri aliyekwama kwenye sehemu,
akamchorea keki, akaifuta keki,
akachora reli, kwa kuwa msichana hapendi vitu vitamu.

Lakini kazi anayoirudia, kama ulimi kwenye jino bovu,
ni daftari la mlinzi wa mnara wa taa:
miaka mia na ushei, wino wa kahawia, herufi za kukimbia,
kurasa zilizopigwa picha ili wageni kama yeye
wazinakili, tarakimu kwa tarakimu,
wenye elimu wapate kuijua baridi ya zamani.
Upepo: kaskazini-magharibi. Joto: nyuzi mbili chini ya sifuri.
Barafu: mpaka gatini.
Mkono uleule, siku nenda siku rudi, haumwambii mtu kitu.
Halafu tarehe kumi na tisa Februari, safu zote tupu,
na maneno mawili yamekatiza ukurasa:
Leo sikupima.

Kanuni inasema: pasipo na namba, weka kistari.
Velga hakuweka. Aliyaandika maneno mawili,
mashine ikayakataa. Akayaandika tena.
Ikakataa. Saa nane usiku: kiti, nyayo, birika, kiti.
Mwishowe akawaandikia wahusika, ukurasa na nusu,
akidai kisanduku cha maelezo;
kwa heshima zote, lakini akidai.

Wakakiongeza. Kidogo, chini kabisa, kama mfuko wa saa.
Na sasa wanakili wengine, asiowajua kwa sura,
wanatia humo walichokuwa wakikiruka:
mbwa amekufa. Mke wangu kaja na mashua ya mkate.
Jua! Jua!

Juzi, tukiondoa theluji mlangoni, nikamuuliza
anapata nini. Nilitarajia neno kubwa.
Alifikiri, koleo hewani.
"Chai ilikuwa bado moto," akasema, "na nilikuwa nimeshakaa."
Kisha akauliza kama nimewahi kutazama
kwa nini theluji ya ukingo wa paa hupinda kuelekea ndani,
nami, na vidole vyangu vimekufa ganzi,
nikainua macho.